Picha ya Mwisho ya Bwana Tidmarsh

Feni ya jikoni kwangu imekatika ubawa mmoja, na kila nikiiwasha kutoa moshi wa samaki inalia tk-tk-tk-tk mpaka niizime. Mume wangu anataka kumwita fundi. Nimemwambia aiache. Anadhani ni ubahili, na mimi sijamsahihisha, maana kumweleza mtu kwamba unapenda mlio wa feni mbovu ni kazi ndefu na yeye hana subira ya hadithi. Nyinyi nitawaeleza.

Mlio ule ndio mlio wa projekta ya Miss Tidmarsh, jirani yetu wa Walthamstow nilipokuwa na miaka kumi. Tulikaa katika ile mitaa ambayo nyumba zimeshikana mabega, ukikohoa sebuleni jirani anakuuliza kesho yake kama umepona. Sisi tulikuwa watatu: mimi, mama yangu, na Bibi, yaani mama yake Mama, aliyeletwa kutoka Unguja baada ya babu kufariki. Bibi alikuja na sanduku moja la nguo na maoni yake juu ya kila kitu. Kiingereza chake kilikuwa “tenk yu” na “kolidi”, na hayo mawili aliyaona yanamtosha, kwa sababu kila Mwingereza aliyekutana naye alizungumzia baridi na yeye alimshukuru.

Miss Tidmarsh alikuwa amepita miaka themanini, mrefu, mwembamba, anatembea wima, na alikuwa anaishi peke yake na kabati zake. Urafiki wake na Bibi ulianzia uani, juu ya ukuta mfupi uliotenganisha nyumba zetu. Yeye alimpitishia Bibi fungu la mboga fulani nyekundu, chachu, ambayo Waingereza huipika na sukari wakala kama tamutamu. Bibi akaipika kwa nazi na papa. Sisi wengine tulishindwa, lakini Bibi aliimaliza sufuria nzima kwa ubishi, kisha akampelekea jirani karafuu kwenye karatasi. Tangu siku ile kila jioni walikuwa pale ukutani, kila mmoja na lugha yake, na mimi katikati nikifasiri.

Sasa lazima niseme ukweli kuhusu kazi yangu hiyo, maana mambo yote yanatoka hapo. Mimi nilikuwa mfasiri mvivu. Mama akinisemesha Kiswahili nilimjibu Kiingereza, kama watoto wote niliowajua. Kwa Bibi hakukuwa na ujanja huo. Usipomjibu Kiswahili anakutazama kama kioo cha dirisha. Basi nilikisema, lakini ndani ya nyumba tu, na kwa uchache. Miss Tidmarsh akizungumza dakika tano, mimi nampa Bibi maneno manne. Bibi akijibu kwa hadithi ndefu, mimi nasema, “Anasema sawa.” Nilikuwa na vipindi vyangu vya televisheni.

Jumapili mchana tulikuwa tunaalikwa chai kwake, na hapo ndipo nilipopata habari za baba yake.

Bwana Horace Tidmarsh alianza maisha kama mpiga picha za harusi na za watoto waliobatizwa. Siku moja akaingia kwenye hema la maonyesho, na humo, juu ya shuka jeupe, akaona mbuzi anakula kofia ya mtu. Mbuzi wa picha, anatafuna kweli, na kofia inapungua. Miss Tidmarsh alisema baba yake alitoka mle hemani akaingia tena mara nne, na aliporudi nyumbani hakutaka tena kumpiga picha mtu aliyetulia.

Akanunua kamera ya kuzungusha kwa mkono, na nyuma ya nyumba akajenga studio ya vioo, ukuta vioo, paa vioo, mfano wa lile banda wanalooteshea nyanya. Taa za zama zile hazikuwa na nguvu ya kutosha. Picha ilipigwa kwa jua. Na jua la London mnalijua. Waigizaji walikaa mle ndani wamevaa tayari, wanacheza karata, wanasubiri. Miss Tidmarsh, mtoto wa miaka minne, alikuwa na kazi rasmi: kukaa kwenye ngazi ya nyuma na kutazama mawingu. Akiona wingu linakaribia kupita anapiga kelele, “Baba, linakuja,” na watu wazima wote wanatupa karata wanakimbilia mahali pao. Aliniambia katika maisha yake hakuwahi tena kuwa na cheo kikubwa kama kile.

Filamu ya wakati ule ilikuwa haiijui rangi nyekundu. Ikiiona inaitoa nyeusi. Kwa hiyo waigizaji walipakwa manjano usoni na buluu mdomoni, na njaa ikiwashika walitoka hivyo hivyo kwenda sokoni kununua pai. Wachuuzi walikwisha kuwazoea. Na kwa kuwa sauti ilikuwa haisikiki, kila mmoja alisema alitakalo mbele ya kamera. Miss Tidmarsh alikuwa amejifunza kusoma midomo yao. “Huyu bwana aliyepiga magoti anamposa binti,” alituambia siku moja akituonyesha picha kwenye albamu. “Kwa mdomo anamwambia viatu vinambana na kwamba yeye hali tena kabichi.” Bibi alicheka kwa hilo mpaka akashika ubavu, na hilo ni moja katika machache niliyoyafasiri kwa ukamilifu.

Picha za Bwana Tidmarsh zilikuwa fupi na za kuchekesha. Polisi anaanguka kwenye pipa la unga. Bata bukini anamfukuza bwana harusi mtaa mzima. Watu walimpenda, akipita sokoni waliitana, “Horace, na mimi nitie humo.” Alitengeneza nyingi, mwenyewe aliacha kuzihesabu.

Kisha mkewe akaugua, akafariki. Miss Tidmarsh alikuwa na miaka sita. Mwaka mzima baba yake hakugusa kamera, na alipoigusa alitengeneza picha moja tu, ndefu, isiyo na bata. Mwokaji mikate na mkewe wanafanya kazi dukani, mke anaanguka, analala, anakufa, mume anabaki. Kitanda kilikuwa kitanda chao wenyewe. Gauni la kulalia lilikuwa la marehemu. Mwigizaji alichaguliwa kwa sababu alifanana naye, na mtoto wa mwokaji alikuwa Miss Tidmarsh mwenyewe.

Siku ya kuionyesha, watu walijaa wakitarajia bata. Ilipofika katikati wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, kisha safu kwa safu, na wengine wamekasirika. Bwana Tidmarsh alisimama mlangoni akimwambia kila anayetoka, “Usiku mwema.” Hakutengeneza nyingine tena. Zilipokuja picha za kusema alipata kazi katika sinema ya mtu mwingine, chumba cha nyuma, kuendesha projekta, na huko akamalizia maisha yake akionyesha kazi za wenzake. Picha zake za zamani zilichukuliwa zikachemshwa, kwa kuwa filamu za wakati ule zilikuwa na chembe za madini ya fedha ndani yake. Ilisalimika hii ya mwisho tu, kwa sababu siku waliyokuja kuzichukua bintiye alilikalia kopo lake na sketi yake pana, akakataa kuinuka.

Kijana mmoja wa makumbusho alikuwa ameinakili kwenye filamu mpya isiyoshika moto. Lakini vile vibao vya maandishi vinavyojitokeza katikati kueleza nani ni nani vilikuwa vimeharibika. Zilibaki picha tupu.

“Mimi sitaki watu waipende,” Miss Tidmarsh alituambia, amekishika kikombe kwa mikono miwili. “Nataka ukumbi wa watu waitazame mpaka mwisho. Mara moja tu, kabla sijaondoka.”

Alijaribu, siku ya sherehe ya mtaa wetu, katika ukumbi wa kanisa. Bibi alikuwa kitandani na mafua, nilikwenda na Mama. Watu walikuja na keki na nia njema. Lakini picha haina sauti, haina maandishi, mtu mmoja anakanda unga, mwingine analala, hujui nani ndugu ya nani. Kwanza walikwenda wanaotaka chai, kisha wanaowafuata wanaotaka chai. Ilipofika kitandani tulikuwa tumebaki mimi, Mama, mbwa, na mzee mmoja aliyelala. Miss Tidmarsh akaizima mwenyewe. Aliukunja waya wa projekta taratibu sana, akatuambia “Usiku mwema,” na ilikuwa saa kumi alasiri.

Nilimsimulia Bibi. Alinyanyuka kwenye mito yake.

“Nani alikuwa anaisimulia?”

“Hakuna, Bibi.”

“Basi watu walitoka kwa haki yao. Mtu anaachiwaje picha peke yake?”

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hata Mama alikuwa amelisahau. Katika ujana wa Bibi, sinema ya Unguja ilikuwa na onyesho la wanawake peke yao, mchana, mabuibui mlango mzima. Picha zilikuwa za Kihindi, ndefu, na wengi wao hawakujua Kihindi hata neno. Basi katikati ya ukumbi alikaa Bibi yangu na kuwasimulia wote kwa sauti. Na yeye pia hakujua Kihindi. Alikuwa na utaratibu wake: picha mpya ikija huitazama mara ya kwanza kimya, hatii neno. Mara ya pili ndiyo anasimulia. Wanawake walikuwa wanaulizana njiani, “Rukia yumo leo?” Kama hayumo walirudi nyumbani.

“Mwambie Bi Wini,” Bibi alisema, maana ndivyo alivyomwita Miss Tidmarsh, “aite watu tena. Mimi nitasema, wewe utafasiri.”

Nilikataa. Watoto wa darasa langu wangekuwepo, na mimi nisimame mbele yao nikipokea Kiswahili kutoka kinywani mwa bibi aliyejifunga kanga mbili juu ya koti? Nilisema afadhali nife. Bibi hakugombana nami. Aliacha tu kunisuka. Nilikwenda shule siku mbili na kichwa kama kichaka, siku ya tatu nikakubali.

Wiki ya kabla ya onyesho tulikwenda kwa Miss Tidmarsh ili Bibi aitazame mara yake ya kwanza. Kabla hajawasha projekta, Miss Tidmarsh aliniinamia akasema polepole, kama mtu aliyejiandaa: “Mwambie bibi yako kwamba yule mwanamke wa kitandani ni badala ya mama yangu. Mwambie anakufa. Ni vizuri ajue kabla.”

Saa ya ukutani ilikuwa inaniambia kipindi changu kimebakisha dakika kumi kuanza. Nikamgeukia Bibi nikasema, “Anasema yule mwanamke ndiye muhimu.”

Bibi akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaaga nikaenda zangu. Mama, aliyeingia nilipotoka, aliniambia baadaye kwamba Bibi aliitazama yote mikono imelala mapajani, hakuuliza swali lolote, ila aliomba kwa vidole kile kipande cha kitandani kirudiwe.

Basi ikafika Jumamosi, saa nane mchana, mapazia yamefungwa. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa habari za bibi wa Kizanzibari mwenye maikrofoni zilikuwa zimezunguka soko zima. Darasa langu walikaa safu ya tatu, wakinipungia mkono kwa dhihaka. Miss Tidmarsh aliiwasha projekta, akaja kukaa safu ya mbele, pembeni kabisa, karibu na mlango. Ikaanza, tk-tk-tk-tk, na juu ya skrini akatokea mwokaji, mikono ndani ya unga.

“Huyu ni Athumani,” alisema Bibi. “Mzuri, lakini mzito. Miaka miwili anampenda yule binti wa kaunta, na miaka miwili anamzungumzia mikate tu.”

Nikafasiri kwa sauti ndogo. Mtu mmoja akacheka. Kwenye skrini mwokaji akampa mwanamke mkate, mwanamke akautazama. Bibi akasema, “Anajiuliza: hivi huyu ataniposa leo, au atanieleza tena habari za hamira?” Ukumbi ukacheka. Safu ya tatu nao wakacheka, na hawakunicheka mimi. Msinilaumu nikisema nilipata ladha. Nikaanza kuipandisha sauti, nikaiga na mkono.

Kisha mwanamke akaanguka dukani.

“Ameposwa,” alisema Bibi. “Amezimia kwa furaha.”

Nikafasiri kabla sijafikiri. Picha ikabadilika, mwanamke yuko kitandani, uso mweupe pe, macho makubwa, na nikamsikia Bibi anasema kwa sauti ile ile tulivu: “Sasa amewekwa ndani, bibi harusi. Amesingwa, amepakwa liwa usoni, ndiyo maana mmeuona mweupe vile. Hatoki nje mpaka siku yake.”

Nilielewa papo hapo kilichotokea. Kwao Unguja, msichana anayekaribia kuolewa hufungiwa chumbani akasuguliwa na kupakwa sandali mpaka ang'are, na Bibi alikuwa ameuona uso wa mgonjwa akadhani ni liwa. Na alidhani hivyo kwa sababu mimi, kwa ajili ya kipindi cha televisheni, sikumwambia kwamba mwanamke yule anakufa. Nikamtazama Miss Tidmarsh. Alikuwa ameinua uso kwangu, anasubiri, na ukumbi mzima unasubiri, na projekta inakwenda.

“Ehe,” alisema Miss Tidmarsh. “Anasemaje?”

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Ningeweza kusema, “Anaumwa.” Lakini nilikuwa nimezoea kupunguza, kubuni sikuwahi, na hofu ilinimaliza akili. Nikasema yote kama yalivyo: bibi harusi, liwa, siku yake. Nikatamani sakafu ipasuke. Miss Tidmarsh akacheka. Alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, na watu waliokuwa wanamtazama yeye kujua wafanye nini wakacheka pamoja naye.

Bibi hakukoma. Majirani wakaingia chumbani wanalia: hao ni mashoga zake, wanalia kwa kuwa anawaacha wao bado hawajaposwa. Wakaweka maua kitandani: asumini, ya kunukisha shuka. Daktari akaingia na mkoba, akamshika mgonjwa mkono akiangalia saa. “Sonara,” alisema Bibi. “Anapima bangili. Ana haraka, ana harusi tatu leo.” Mwokaji akaketi nje ya mlango, kichwa mikononi. “Athumani amekatazwa kuchungulia. Muacheni alie, wanaume wote hulia hapo.” Kasisi akaja na kitabu; huyo hata sikuhitaji kufasiri, watu walikwisha kuelewa amekuja kufungisha ndoa, wakapiga makofi.

Kisha likaja gari jeusi la farasi, farasi weusi wenye manyoya kichwani, na wanaume sita wamebeba jeneza mabegani. Nikafumba macho. Hapa, nilijiambia, hapa hatoki.

“Hilo ni sanduku la bibi harusi,” alisema Bibi. “Mnaona lilivyo zito. Kanga doti kwa doti, mama yake amekuwa akiziweka tangu yeye mdogo. Tazameni, hata wanaume sita linawatesa.”

Nilifasiri hivyo hivyo. Watu walipiga makofi kwenye magoti. Yule mzee aliyelala mara ya kwanza alikuwa macho kabisa, anafuta machozi kwa kofia yake.

Baada ya hapo picha ilikuwa inakwenda polepole. Mwokaji yuko dukani peke yake. Amekaa. Unga aliouacha umeumuka mpaka unamwagika nje ya beseni, na yeye haoni. Kicheko kikapungua, na Bibi pia alipunguza sauti, mpaka ilibidi nimsogelee nimsikie.

“Mkewe ametangulia nyumbani kumsubiri,” alisema. “Unga umemshinda kwa mawazo. Miaka inapita hivyo, mtu hata hajui.”

Mlango wa duka kwenye skrini ukafunguka, akaingia mtoto wa kike, unga puani, kicheko mdomoni. Mwokaji akamwona. Akamnyanyua.

“Na huyu ndiye binti yao,” alisema Bibi. “Anamuuliza baba yake, mama yuko wapi? Na baba anamwambia: yupo chumba cha pili, anajifukiza udi. Anakuja.”

Nikafasiri hilo pia, neno kwa neno. Skrini ikawa nyeupe, na mkia wa filamu ukaendelea kupiga, tk-tk-tk-tk, kwa kuwa Miss Tidmarsh hakunyanyuka kuizima projekta. Hakuna aliyenyanyuka. Niliwahesabu kwa macho: wote waliokuja walikuwepo, hata mbwa.

Makofi yalipokwisha Miss Tidmarsh alikuja mbele akamshika Bibi mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu na uso umemng'aa. “Mwambie bibi yako,” aliniambia, “kwamba picha hii nimeitazama maisha yangu yote, na kila mara nilifumba macho mahali pale pale. Leo sikufumba.” Nilifasiri bila kupunguza hata herufi.

“Mwambie baba yake alikuwa anaijua kazi,” alijibu Bibi. “Basi twende, wali wangu uko motoni.”

Njiani nilitaka kuungama. Nilifungua mdomo mara mbili. Lakini Bibi alikuwa na furaha sana, anatembea kanga zinapepea, anasalimia watu wote barabarani kwa “tenk yu”, na sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ameyafanyia maziko shangwe za harusi kwa sababu yangu. Nikanyamaza. Na Jumatatu shuleni wale wa safu ya tatu walinizunguka wakitaka niwafundishe kusema “bibi harusi”, nikawafundisha, nikajiona mtu, na siku zikapita.

Miss Tidmarsh alifariki miaka mitatu baadaye, usingizini. Kila alipokuwa na wageni aliwahadithia siku ile, na kila mara mimi nilicheka kwa nje na kujishtaki kwa ndani. Nilikua na siri hiyo. Mpaka leo kazini kwangu, nikisikia mtu anafasiriwa kwa maneno machache kuliko aliyoyasema, naingilia. Wenzangu wananiona mkorofi, na kweli ni mkorofi.

Bibi alipofariki, mimi nilikuwa na watoto wawili. Matanga yalileta nyumbani wanawake wa Unguja na Pemba kutoka kila pembe ya London, wamekaa kwenye mazulia, wanasoma, wanakunywa chai ya tangawizi, wanamkumbuka. Ajuza mmoja aliyetoka Lewisham, Bi Shemsa, ambaye kwao walikuwa mtaa mmoja na Bibi, alikuwa anamwambia Mama habari za wale waliomwosha marehemu asubuhi ile, kwamba wamemwosha vizuri, kwa adabu.

“Na ndivyo inavyompasa,” alisema. “Rukia mwenyewe kawaosha wanawake wa mtaa wetu miaka na miaka. Mtu akizidiwa, kabla ya daktari aliitwa yeye. Alikuwa akisimama tu mlangoni, akiutazama uso wa mgonjwa, anajua kama ni wa usiku ule au wa kesho. Hakukosea hata siku moja.”

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nililiweka chini nikaenda jikoni, nikafunga mlango, na huko nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka Mama akaja kuniuliza nimepatwa na nini. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba kosa langu, nikiamini kwamba Bibi alidanganyika na uso mweupe kwa sababu mimi sikumwambia. Bibi yangu hakuhitaji kuambiwa. Alijua vizuri yule ni maiti, akaamua kumfanyia harusi.